Viti vya ngozi vya gari: tuvitunze ili visitufanye wachoyo

Gari la familia hapa Mpanda ni nadra kubaki kuwa la familia moja. Anayelinunua ni mtu mmoja, lakini likishaegeshwa uani mtaa mzima hujua kuwa lipo. Ijumaa hubeba wazee wasioweza kutembea hadi msikitini. Asubuhi hubeba watoto wa shule, jioni wa madrasa. Siku ya ndoa hubeba bibi harusi na mashoga zake, mikono imejaa hina. Siku ya msiba hubeba wafiwa wanaotoka makaburini na udongo miguuni. Na usiku wa manane, mjamzito wa nyumba ya pili akishikwa na uchungu, ni gari hilo hilo litakaloombwa limfikishe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi.

Mengi ya magari hayo ni ya mtumba kutoka Japani, na idadi nzuri miongoni mwao yana viti vya ngozi, ambavyo vijana huviita siti za leza. Viti hivyo vinapendeza na vinatia fahari. Lakini pamoja na fahari hiyo limeingia jambo ambalo sisi katika kamati ya msikiti tumelisikia zaidi ya mara moja katika mazungumzo ya baada ya swala: mwenye gari kusitasita. Mgonjwa anatapika, mtoto anaweza kukojoa, mama anaweza kutokwa na damu, na viti ni vya ngozi. Basi mara funguo haionekani, mara mafuta yamekwisha. Hakuna aliyesema hapana, lakini mgonjwa amepanda bodaboda.

Upande wa pili wapo ndugu wasioogopa lolote, ambao viti vyao vimeachwa mpaka vimepasuka kama udongo wa mbuga mwezi wa Oktoba, sponji inachungulia, na vumbi la miaka mitatu limeganda katika mishono. Wote wawili wana tatizo moja, nalo ni kutojua ngozi inataka nini. Ajuaye namna ya kuondoa doa haliogopi doa. Kwa sababu hiyo tumeona tuandike katika kurasa hizi za familia yale yanayohusu usafi wa viti vya ngozi, tohara yake na utunzaji wake, kwa mazingira yetu ya Katavi.

Je, ngozi hii ni tohara?

Hili ndilo swali la kwanza, nalo lina mashiko. Gari limetengenezwa Japani. Ngozi yenyewe huenda imetoka nchi nyingine kabisa, na hakuna ajuaye kama ng'ombe yule alichinjwa kwa kufuata sharia. Je, aliyekaa juu yake na kanzu ya swala, swala yake iko salama?

Wanazuoni walilijibu swali hili karne nyingi kabla ya gari kuvumbuliwa. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mnyama aliyekufa, aliyekuwa wa mjakazi aliyeachwa huru wa Bibi Maymuna (Allah amridhie). Mtume (rehema na amani zimshukie) alimpita mnyama yule ametupwa, akauliza kwa nini hawakunufaika na ngozi yake. Walipomweleza kuwa ni mzoga, akawabainishia kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, ngozi ya mzoga hutoharika kwa dibagha, yaani kutengenezwa kwa vitu vinavyoondoa unyevu na uozo wake. Isipokuwa ngozi ya mbwa na ya nguruwe. Hizo hazitohariki kwa dibagha.

Ngozi ya viti vya magari kwa kawaida ni ya ng'ombe, nayo haiwezi kufika kiwandani kushonwa bila kutengenezwa kwanza. Kwa hiyo muumini akae bila wasiwasi. Wazee wetu waliswali juu ya miswala ya ngozi ya mbuzi na kondoo, wakachota maji kwa viriba, na katika Suratun-Nahl, aya ya 80, ngozi za wanyama wa mifugo zimetajwa miongoni mwa neema ambazo Allah amewajaalia waja Wake, wakafanya kwazo makazi mepesi ya safarini. Neema inayotajwa ndani ya Kitabu inastahili kutunzwa.

Ngozi ni kitu gani hasa?

Ngozi mbichi ikiachwa huoza. Ikikaushwa tu juani huwa ngumu kama ubao. Kutengenezwa ndiko kunakoifanya isioze na ibaki kunyumbulika. Njia ya kale ni ya magome ya miti yenye tanini. Hapa nchini tunayo mashamba ya miwati ya Njombe, ya kampuni ya Tanganyika Wattle iliyoanzishwa mwaka 1949, ambako magome ya miti hiyo hukamuliwa dawa ya kutengenezea ngozi. Njia ya pili, iliyoenea zaidi viwandani siku hizi, hutumia chumvi za madini ya kromu, na humaliza kazi kwa muda mfupi zaidi.

Ngozi ya kiti cha gari ni nyembamba, unene wake ukiwa kiasi cha milimita moja hadi moja na nusu. Juu yake kiwanda hupaka rangi, kisha utando angavu wa kinga, mwembamba kuliko karatasi. Huo utando ndio mkono wako unaougusa unapopapasa kiti. Jambo hili ni muhimu kulifahamu, kwa kuwa makosa mengi ya usafi huanza pale mtu anaposugua utando huo mpaka ukatoka, akidhani anasugua uchafu.

Ipo njia rahisi ya kutambua kiti chako ni cha aina gani. Dondosha tone moja la maji mahali pasipoonekana sana, kwa mfano chini ya egemeo la kichwa. Tone likibaki juu limejikunja kama shanga, ngozi yako ina utando wa kinga. Likinywewa na kuacha alama ya giza, basi ama ngozi haina utando, ama utando umelika. Nayo yahitaji maji machache zaidi na uangalifu mkubwa zaidi.

Ifahamike pia kwamba katika magari mengi yanayoitwa ya viti vya ngozi, ngozi halisi iko pale tu mwili unapogusa: makalio, mgongo na mabega ya kiti. Ubavuni na nyuma ya kiti mara nyingi huwa ni ngozi bandia ya plastiki. Hiyo husafishwa vivyo hivyo, lakini kuipaka mafuta ya ngozi ni kupoteza mafuta, kwani plastiki hainywi.

Maadui wa ngozi katika mkoa wetu

Gari lililotoka Japani limezoea hewa yenye unyevu na maegesho ya kivuli. Likifika Mpanda hukutana na mambo mengine kabisa.

La kwanza ni jua. Kuanzia Mei hadi Oktoba hatuna mvua ya kutegemea, na Septemba na Oktoba joto huwa kali. Gari lililofungwa vioo juani, hewa ya ndani yake hupanda kupita nyuzi joto 50, na kiti cheusi huwa cha moto zaidi ya hapo. Kila siku ngozi huchomwa, hukauka, hujikunja na kutanuka, mpaka utando unapata nyufa ndogo ndogo. Kivuli cha mwembe ni dawa kubwa kuliko chupa yoyote ya dukani, na pasipo na mwembe, kipande cha boksi au kitambaa kizito kwenye kioo cha mbele hutosha.

La pili ni vumbi. Ajuaye barabara za kwenda vijijini wakati wa kiangazi anajua namna vumbi jekundu linavyopenya hata gari lililofungwa. Vumbi hilo ni punje za mchanga. Zinapokaa juu ya kiti, na mtu akaja kukaa na kujisogeza, huikwaruza ngozi mithili ya msasa. Ndiyo maana katika usafi vumbi huondolewa kwanza kikavu, kabla tone la maji halijagusa kiti.

La tatu ni jasho. Wanaopita Sitalike kuelekea Kibaoni, njia inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hufunga vioo kwa sababu ya mbung'o. Gari lisilo na kiyoyozi hugeuka kuwa tanuri, na jasho la abiria na mafuta ya mwili huingia katika mikunjo ya kiti. Kiti cha dereva huumia zaidi ya vyote, hasa ubavu wake wa kulia upande wa mlango, ambao husuguliwa kila anapopanda na kushuka.

La nne ni masika. Kuanzia Novemba hadi Aprili tatizo hugeuka kichwa chini: unyevu huzidi, viatu huingia na tope, gari hukaa limefungwa siku kadhaa, na kuvu jeupe huota juu ya viti na chini yake. Dawa yake ni hewa. Siku yenye jua la asubuhi, fungua milango yote, futa kuvu kwa kitambaa kikavu ukielekeza nje ya gari, kisha usafishe kwa njia tutakayoieleza na uache pakauke kabisa kabla ya kufunga.

La tano ni letu wenyewe, la shereheni na nyumbani. Hina ni rangi inayoshika protini. Ndiyo maana inakaa kwenye nywele na kucha, na ndiyo maana zamani ilitumika hata kutia ngozi rangi. Hina mbichi ikigusa ngozi ambayo utando wake umelika, doa lake halitoki. Bibi harusi na wasaidizi wake wangoje ikauke na waipukute, au watandikiwe kanga chakavu. Manukato ya mafuta vilevile yasipakwe ndani ya gari, kwani tone la attar huacha duara la giza. Kanga na vitenge vipya, pamoja na suruali za jinzi, hutoa rangi vikilowa jasho, hasa juu ya viti vyeupe au vya rangi ya maziwa. Na mkulima anayebeba tumbaku ajue kuwa harufu yake huingia katika sponji iliyo chini ya ngozi, na huko hakuna kitambaa kinachofika. Tumbaku isafiri kwa gari la mizigo.

Vitu visivyofaa kugusa ngozi

Tumewaona vijana waosha magari wakifanya kazi kwa bidii ya kupigiwa mfano, lakini wakitumia kilichopo karibu. Kilichopo karibu mara nyingi ndicho kinachoharibu.

Sabuni ya unga na sabuni ya mche zina ukali wa alkali, ilhali ngozi iliyotengenezwa kiwandani ina asili ya tindikali kidogo. Sabuni hizo hung'arisha siku ya kwanza, kisha hukausha na kufanya utando uwe mgumu. Jiki huondoa rangi papo hapo. Petroli, mafuta ya taa na spiriti huyeyusha utando. Petroli na spiriti, zaidi ya hayo, zina mvuke unaoshika moto kwa cheche moja, na ndani ya gari mvuke huo hauna pa kutokea. Brashi ngumu ya kufulia hukwaruza. Dawa ya meno, ambayo baadhi husifu kwa viti vyeupe, ina chembe za kusugulia. Inasafisha kwa kula rangi.

Mafuta ya nazi, mafuta ya kupikia na mafuta ya mgando ya kujipaka hukaa juu ya utando bila kuingia. Hunata, hukusanya vumbi, na yale ya kula huchacha na kutoa harufu kwenye joto. Dawa ya kung'arishia dashibodi yenye silikoni hufanya kiti kiteleze. Dereva anapofunga breki kwa ghafla, kuteleza huko si jambo dogo. Na polishi ya viatu ni ya viatu. Aliyepaka polishi kwenye kiti siku ya Alhamisi ataikuta nyuma ya kanzu nyeupe siku ya Ijumaa.

Kusafisha hatua kwa hatua

Kazi nzima ya gari la viti vitano haizidi saa moja na nusu, na maji yanayohitajika hayafiki nusu ya ndoo. Tumeelezwa katika Hadithi kwamba Mtume (rehema na amani zimshukie) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, isiyofika lita moja. Kwa ngozi, kutofanya israfu ya maji ni ibada na ufundi kwa pamoja, kwa sababu maji mengi huingia katika mishono, huozesha uzi, hulowesha sponji na kufikia nyaya za umeme zilizo chini ya kiti.

Egesha gari kivulini na ungoje viti vipoe. Kiti cha moto hukausha sabuni kabla hujaifuta, ikaacha mabaka.

Ondoa vumbi. Kama ipo mashine ya kunyonya vumbi, tumia mdomo wake wenye manyoya laini. Kama haipo, brashi laini ya kupakia rangi, iliyo mpya na kavu, hufanya kazi nzuri. Anza juu ushuke chini. Vuta mshono kwa vidole vya mkono mmoja ufunguke, upukute uchafu kwa mkono mwingine.

Andaa dawa ya kusafishia. Ilivyo bora ni sabuni maalumu ya ngozi inayouzwa katika maduka ya vipuri na vipambo vya magari. Isipopatikana, chukua sabuni laini ya maji isiyo kali, kama ya kuogeshea watoto, utie matone machache ndani ya nusu lita ya maji ya vuguvugu. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, ungoje dakika kumi, utazame kitambaa. Kikitoka na rangi ya kiti, usiendelee nayo.

Tia dawa kwenye kitambaa au sponji, kamwe usiimwage juu ya kiti. Kamua mpaka ibaki na unyevu tu. Sugua taratibu kwa mizunguko midogo, sehemu ya ukubwa wa sahani kwa wakati mmoja. Kwenye mikunjo na mishono tumia mswaki laini. Kiti chenye vitundu vidogo vidogo vya hewa kinahitaji kitambaa kikavu zaidi, kwani kila kitundu ni mlango wa sponji.

Futa povu kwa kitambaa cha pili kilicholoweshwa maji safi na kukamuliwa, kisha ukaushe kwa kitambaa cha tatu kikavu. Fulana kuukuu ya pamba nyeupe inafaa. Nyeupe kwa sababu itakuonesha uchafu unavyotoka na haitachuja rangi yake. Acha milango wazi kwa nusu saa kivulini. Usikaushe kwa jua kali.

Usafi huu kamili ufanyike kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kila wiki, siku kama ya Alhamisi jioni kujiandaa na Ijumaa, inatosha kupukuta vumbi na kufuta kwa kitambaa chenye unyevu.

Losheni ya ngozi na uwezo wake

Baada ya kiti kusafishwa na kukauka, ndipo hupakwa losheni ya ngozi ile inayouzwa kwa ajili ya magari. Weka kiasi cha sarafu kwenye kitambaa laini, paka tabaka jembamba, ngoja dakika kumi na tano hadi ishirini, kisha ufute yote iliyobaki juu. Kiti kilichopakwa sawasawa haking'ai kama kioo na hakinati mkononi. Huonekana kama kilivyotoka kiwandani, kimefifia kwa heshima. Kwa jua letu, kila miezi mitatu wakati wa kiangazi inafaa. Wakati wa masika mara moja yatosha.

Tuwe wakweli juu ya losheni hii. Kwa ngozi yenye utando mzima, sehemu kubwa ya losheni haiingii. Faida yake ni kupunguza msuguano, kulainisha utando na kupenya pale penye mishono na nyufa ndogo. Kwa ngozi iliyolika utando, hapo hunywewa na kuleta unafuu unaoonekana. Hakuna losheni inayoziba ufa uliokwishafunguka, hata kibandiko cha chupa kikisema hivyo. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu anunue sabuni ya ngozi, aache losheni mpaka mwezi ujao. Uchafu unaua ngozi haraka zaidi kuliko ukavu.

Najisi ikitokea

Hapa ndipo wenye magari wengi wanapoogopea, na hapa fiqhi na ufundi vinakutana.

Kwanza, najisi kavu haihamii kwenye nguo kavu. Aliyekaa juu ya kiti kilichokauka, naye nguo zake ni kavu, asirudi nyumbani kubadili kanzu.

Mkojo wa mtoto mchanga wa kiume ambaye hajafikisha miaka miwili na hajala chakula zaidi ya maziwa, hukmu yake ni nyepesi: hukaushwa, kisha hunyunyiziwa maji yakaenea mahali pote ulipofika. Mkojo wa mtoto wa kike, wa mtoto aliyeanza kula, na matapishi na damu, huoshwa. Kuoshwa maana yake ni kuiondoa najisi yenyewe, kisha kupitisha maji tohara juu ya mahali pale mpaka rangi, harufu na ladha yake viondoke. Katika madhehebu yetu kufuta kwa kitambaa chenye unyevu peke yake hakutoshi; maji lazima yapite.

Namna ya kupitisha maji bila kuharibu kiti ni hii. Nyonya kwanza majimaji yote kwa kitambaa kikavu au karatasi laini, ukibonyeza bila kusugua, ili najisi isienee wala isisukumwe ndani ya mshono. Badilisha kitambaa mpaka kisitoke na unyevu. Kisha mimina maji safi kidogo kidogo kutoka kwenye kikombe cha kahawa, huku mkono wa pili umeshika taulo kavu upande wa chini likiyapokea. Kwa doa la ukubwa wa kiganja, kikombe kimoja au viwili vinatosha. Nyonya tena, kausha. Baada ya hapo ndipo utumie sabuni ya ngozi kwa ajili ya harufu, na vitambaa vilivyotumika vifuliwe kwa kuwa vimenajisika.

Damu iondolewe kwa maji baridi. Maji ya moto huigandisha doa likadumu. Na damu ya mgonjwa, yeyote yule, isishikwe bila glovu. Hilo ni agizo la afya, lisilopunguza heshima ya mgonjwa. Mwenye jambo zito zaidi ya haya amuulize sheikh wa msikiti wake.

Nyufa na kava

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema wahenga, na msemo huu unavifaa viti kama unavyozifaa nyumba. Ufa mdogo husafishwa, hujazwa dawa ya kuziba na kupakwa rangi inayofanana. Fundi wa viti huimaliza kazi hiyo kwa siku moja. Ufa uliofika kwenye sponji unahitaji kipande kibadilishwe. Mwambie fundi abadilishe kipande kilichoharibika peke yake. Si lazima kuvua kiti kizima.

Wengi hukimbilia kava. Kava ni nzuri, lakini lina masharti mawili. Tazama ubavuni mwa kiti cha mbele: ukiona kibandiko kidogo chenye maneno "SRS Airbag", ndani ya kiti hicho umo mfuko wa hewa unaofumuka gari linapogongwa. Kava lililoshonwa likafunika ubavu ule linaweza kuuzuia mfuko usifanye kazi, na kiti kilichotunzwa hakina thamani ya mbavu za dereva. Sharti la pili ni kulivua kava kila mwezi, kwa kuwa mchanga unaojificha chini yake huendelea kuisaga ngozi bila kuonekana.

Mfuko wa kuweka nyuma ya gari

Tunapendekeza kila gari la familia liwe na mfuko mdogo nyuma, wenye vitu sita: shuka la plastiki au turubai jepesi, kanga mbili kuukuu, vitambaa vinne vyeupe, jozi kadhaa za glovu, chupa ya maji safi na kichupa cha sabuni laini. Mgonjwa akija, plastiki hutandikwa kwanza na kanga juu yake, ili asikalie plastiki tupu kama mzigo. Kazi hiyo huchukua chini ya dakika moja, na mwenye gari huendesha akiwa na utulivu.

Kwa kinamama wajawazito ifahamike pia kuwa upo mpango wa serikali wa m-mama, unaopatikana kwa kupiga namba 115 bila malipo, unaotumia magari ya wagonjwa na pia madereva wa kujitolea katika jamii wanaolipwa nauli yao. Ndugu mwenye gari zuri na moyo mzuri anaweza kuuliza katika kituo cha afya kilicho karibu naye namna ya kuwa miongoni mwa madereva hao.

Kazi ya usafi igawanywe nyumbani. Watoto wapukute vumbi na kukagua chini ya viti, kijana ashike sponji, baba akaushe na kupaka losheni. Kijana wa kuosha magari naye apewe vitambaa na sabuni ya mwenye gari, aelekezwe kwa upole, na alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Akijua kazi hii sawasawa atakuwa na ufundi ambao hapa mjini haujapata mafundi wengi.

Gari ni amana, na ngozi iliyomo ndani yake ni ya kiumbe aliyetutangulia kufa ili sisi tunufaike. Tuipe haki yake ya kivuli, kitambaa na sabuni laini. Kisha tumpe haki yake jirani, ambaye Mtume (rehema na amani zimshukie) alihusiwa juu yake na Jibril hata akadhani atafanywa mrithi. Tunamuomba Allah atujaalie vyombo vyetu viwe vya kheri, na atuepushe na mali inayofunga milango yetu. Amin.